Uvimbe Mgumu Kwenye Kifundo cha Mguu wa Mtoto

Mzazi au mlezi, mwangalie mtoto wako anaposimama bila viatu. Je, wayo mmoja umelala upande? Sasa papasa kifundo cha mguu, hasa upande wa ndani. Ukikuta uvimbe mgumu kama mfupa, usiosogea ukiubonyeza, huenda ni ugonjwa wa Trevor.

Ni ugonjwa wa nadra sana: hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 1,000,000, na wavulana kuliko wasichana. Jina linatokana na daktari David Trevor, aliyeueleza mwaka 1950.

Ncha za mifupa ya mtoto zina gegedu, sehemu laini ambayo hugeuka mfupa kadiri anavyokua. Katika ugonjwa huu, gegedu ya upande mmoja tu wa kiungo hukua kupita kiasi. Upande huo unauzidi mwenzake, kiungo kinapinda, na mtoto anaanza kuchechemea. Goti nalo hupatwa.

Ugonjwa huu si saratani. Hauambukizi, haurithiwi, wala hautokani na kosa la mama wakati wa ujauzito. Majirani watasema mengi kuhusu laana. Mtoto asifichwe ndani kwa sababu hiyo.

Tunawaomba sana msimkande wala kumchanja chale. Mfupa haulainiki kwa kukandwa, na chale huingiza vijidudu. Mpeleke zahanati hata kama haumwi, ili apewe rufaa ya kupigwa picha ya eksirei. Kama anatembea vizuri bila maumivu, daktari anaweza kuamua kumfuatilia tu. Kama anaumwa, au kiungo kinakwama au kupinda, huenda akafanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe. Unaweza kurudi wakati mtoto bado anakua, kwa hiyo msikose tarehe za kliniki. Uvimbe ukiachwa muda mrefu, kiungo kinaweza kuchakaa na kukakamaa.

Angalizo: si kila uvimbe ni huu. Ukiwa na joto au wekundu, mtoto akiwa na homa, maumivu yakimwamsha usiku, au uvimbe ukikua haraka ndani ya wiki chache, nenda siku hiyo hiyo.

Ukifika, mweleze mhudumu uliuona lini mara ya kwanza, kama umeongezeka, na kama mtoto aliwahi kuanguka. Beba kadi yake ya kliniki.