Nyuma ya ajali: motokari na mwili



Umegongwa barabarani? Usikimbilie garaji. Ita polisi waandike waliyoona. Andika namba ya motokari iliyokugonga na ya karatasi yake ya asiransi, maana asiransi ya mwenye kosa ndiyo inapashwa kulipa. Ijulishe upesi kwa barua, ubaki na kopi. Ngoja mtu wao aone mabati yaliyopondeka: yakiisha kunyooshwa, ushahidi umepotea.

Na mwili vilevile. Shingo iliyotikiswa inaweza kuanza kuuma kesho yake. Fika dispanseri siku ile ile, upimwe, uombe cheti cha mganga. Usitie sahihi karatasi isemayo «nimelipwa yote» kabla mganga hajakupima.

Bati hunyooshwa garaji, shingo hapana.