Somo: Hofu na Wasiwasi wa Moyo

Mji wa Goma umekaa kati ya mlima wa moto na ziwa. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, mto wa moto ukapita katikati ya mji hata ukaingia Ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliangamia, pamoja na maelfu ya nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena. Ardhi ikatetemeka siku nyingi, na tarehe 27 Mei serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Watu walikimbilia Sake, Rutshuru na Rwanda. Baadaye walirudi, lakini wengi walirudi na moyo usiotulia.

Je, kuogopa ni dhambi?

Sivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu wa karne ya 13, alifundisha kwamba hofu huamka mtu aonapo ubaya unaokuja, ulio mgumu kuepukika. Hofu ya kiasi humfanya mtu atafute shauri. Ikipita kiasi, huvuruga akili. Ni kama moto: mekoni hupika, darini huunguza.

Je, hofu na wasiwasi ni kitu kimoja?

Hapana. Søren Kierkegaard wa Denmark alieleza tofauti yake katika kitabu cha mwaka 1844. Hofu ina kitu chake; wasiwasi hauna. Anayekimbia nyumba inapotikisika ana hofu. Anayekesha usiku mtulivu, asijue anaogopa nini, ana wasiwasi. Naye alionyesha kwamba wasiwasi hutokana na uhuru wa mtu: mnyama hawazi njia nyingi zilizo mbele yake. Basi mwenye wasiwasi asijidharau.

Je, afanye nini?

Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa chini ya Warumi, alifundisha kutenga yaliyo katika uwezo wa mtu na yasiyo katika uwezo wake. Mama wa Goma hawezi kuuzuia mlima. Lakini aweza kuijua njia ya kukimbilia, kufunga karatasi zake pamoja, na kuwasikiliza wanaopima mlima kuliko wavumishao habari. Aweza pia kuwaonyesha watoto mahali pa kukutania, maana mwaka 2021 watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani. Akiisha kutenda hayo, wasiwasi wake umepata kazi, nao hupungua nguvu.

Je, ukizidi?

Asijifiche. Yesu mwenyewe, alipofadhaika katika bustani ya Getsemani, aliwaomba rafiki watatu wakeshe naye. Anayekosa usingizi na hamu ya chakula siku nyingi amwambie mwenzake, kisha aende kwa mganga wa hospitali. Na jirani asimwambie, "Imani yako ni haba," bali aketi naye.

Ya kukumbuka: Hofu hutafuta shauri. Wasiwasi hutafuta kazi na mwenzi.