Umaskini wa Watoto Marekani: Kwa Nini Ulishuka, Kwa Nini Ukarudi

Nchi tajiri kama ile, maskini wanatoka wapi?

Wengi wao wanafanya kazi. Wanasafisha hoteli, wanapanga bidhaa madukani, wanahudumia wagonjwa majumbani. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu Julai 2009. Majimbo mengi yameweka viwango vya juu zaidi, lakini kodi ya nyumba na malipo ya malezi ya watoto mchana hayakusubiri mishahara.

Maskini anapimwaje?

Kwa vipimo viwili. Cha zamani kilibuniwa miaka ya 1960 na Mollie Orshansky, mtumishi wa idara ya hifadhi ya jamii: alichukua gharama ya chakula cha bei ya chini kwa familia, akaizidisha mara tatu. Kipimo hicho hakihesabu stempu za chakula (msaada wa serikali wa kununulia chakula) wala nafuu ya kodi, hivyo serikali inaweza kutoa mabilioni na kipimo kisionyeshe lolote. Cha pili, kinachotolewa tangu 2011, kinahesabu misaada hiyo, kisha kinaondoa kodi, matibabu na gharama za kwenda kazini.

Je, kuna sera iliyowahi kuleta mabadiliko?

Zipo. Watazame wazee. Mwaka 1959, kwa kipimo cha zamani, takriban wazee 35 katika kila 100 walikuwa maskini. Pensheni ya taifa ilipoongezwa katika miongo iliyofuata, idadi hiyo ilishuka hadi karibu 10.

Kwa watoto, jaribio kubwa lilikuja mwaka 2021. Nafuu ya kodi kwa wenye watoto ilikuwepo tangu zamani, lakini ilikuwa na kasoro nzito: mzazi mwenye kipato kidogo mno alipata sehemu tu, na asiye na kipato hakupata kitu. Waliohitaji zaidi ndio waliopunjwa. Sheria ya Machi 2021 iliondoa sharti hilo la kipato. Ikapandisha kiwango kutoka dola 2,000 hadi 3,600 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka 6, na 3,000 kwa wakubwa hadi miaka 17. Nusu ya fedha ililipwa kwa awamu za kila mwezi, Julai hadi Desemba, nyingi zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti za benki. Wazazi walizitumia kwa chakula, nguo, kodi ya nyumba na mahitaji ya shule.

Kwa kipimo cha pili, umaskini wa watoto ulikuwa asilimia 12.6 mwaka 2019. Mwaka 2021 ulikuwa 5.2, kiwango cha chini kabisa tangu kipimo hicho kianze. Hundi za msaada ambazo serikali ilituma wakati wa korona nazo zilichangia.

Wazazi hawakuacha kazi?

Hiyo ndiyo hofu iliyotajwa sana bungeni. Tafiti nyingi zilizofuatilia ajira katika miezi ile hazikuona upungufu wa maana. Wapo wachumi wanaosema malipo ya kudumu yangeleta matokeo tofauti, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Lakini haitoshi kumnyima mtoto mlo leo.

Mbona malipo yale yakasitishwa?

Seneti ilikuwa imegawanyika 50 kwa 50. Desemba 2021 seneta Joe Manchin, wa chama cha rais mwenyewe, alitangaza kwamba hataunga mkono muswada wa kuyaendeleza malipo hayo, na muda wa malipo ukaisha. Mwaka 2022 umaskini wa watoto ulirudi asilimia 12.4, mwaka 2023 ukafika 13.7.

Na makazi?

Hapa serikali imefanya kidogo. Katika kila kaya nne zinazostahili msaada wa kodi ya nyumba, takriban moja tu huupata. Nyingine husubiri kwenye orodha, mara nyingi kwa miaka.

Nafuu ya watoto iko wapi sasa?

Baada ya 2021 ilirudi kwenye dola 2,000, na sharti la kipato likarejea; sheria ya 2025 imeipandisha hadi dola 2,200. Sharti la kipato limebaki, kwa hiyo watoto wa familia zenye kipato kidogo kabisa bado hawapati kiasi chote.