UAMUZI WA RUBANI INJINI INAPOZIMIKA WAKATI WA KUPAA: FUNZO LA VITENZI VITATU

Utangulizi

Tarehe 7 Agosti 2025, ndege ya matibabu iliyotoka Uwanja wa Wilson kuelekea Hargeisa ilianguka Mwihoko, katika eneo la Ruiru, dakika chache baada ya kupaa. Watu 6 walifariki: 4 waliokuwa ndani ya ndege na 2 waliokuwa ardhini. Makala haya hayadhamirii kuhukumu chanzo cha ajali hiyo. Yanadhamiria kueleza namna rubani anavyoamua hitilafu inapotokea wakati wa kupaa, na kuonyesha kwamba vitenzi kughairi, kuzimika na kuzima vinaubeba uamuzi huo barabara.

Kughairi na kasi ya uamuzi

Dereva wa matatu atokaye Thika kuelekea Ruiru, injini yake ikizimika, hujiegesha kando ya barabara kuu akafungua boneti. Rubani hana kando ya kujiegesha. Kwa sababu hiyo, kabla ya kila safari hukokotolewa kasi maalumu ambayo hapa itaitwa kasi ya uamuzi. Kasi hiyo hutegemea uzito wa ndege, urefu wa njia ya kurukia, joto na mwinuko wa mahali. Nairobi, Ruiru na Thika ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo injini hupungukiwa na nguvu na ndege huhitaji mbio ndefu kuliko Mombasa.

Injini ikizimika au ikiwaka moto kabla ya kasi hiyo kufikiwa, rubani hughairi: huondoa nguvu za injini na kufunga breki. Kasi hiyo ikishapita, njia iliyosalia haitoshi kusimama. Hana budi kupaa. Ndege kubwa za abiria zimeundwa ziweze kupaa kwa injini moja ikiwa nyingine imezimika. Ndiyo maana nahodha huondoa mkono wake kwenye vidhibiti vya nguvu mara tu kasi ya uamuzi inapotajwa, asije akashawishika kughairi wakati umekwisha kupita.

Ieleweke kwamba kughairi si kuahirisha. Anayeahirisha husogeza jambo mbele. Anayeghairi huiacha nia aliyokwisha kuishika. Ugumu wa rubani uko hapo hasa: kuiacha nia ilhali mwendo tayari umeshika kasi.

Funzo la Utawala

Alfajiri ya tarehe 2 Julai 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliondoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta kuelekea Mogadishu ikiwa imebeba miraa. Ilianguka juu ya jengo katika mtaa wa Utawala na wahudumu wake wote 4 wakafariki. Uchunguzi wa Kenya ulibaini kwamba safari ilianzishwa ilhali hitilafu ilikuwa inajulikana, na kwamba wahudumu hawakughairi kupaa ingawa mitambo ilitoa tahadhari 27. Waama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na katika chumba cha rubani, mkuu wakati mwingine ni kengele.

Kuzimika na kuzima

Kiambishi -ik- katika kuzimika huonyesha hali inayokipata kitu bila kumtaja mtendaji. Kuzima, kwa upande mwingine, kuna mtendaji na mtendwa. Injini huzimika, rubani huzima. Tofauti hii si ya darasani tu. Tarehe 4 Februari 2015, mjini Taipei, injini ya pili ya ndege ya TransAsia ilipoteza msukumo punde baada ya kupaa. Rubani akazima injini ya kwanza, iliyokuwa nzima. Kati ya watu 58 waliokuwa ndani, 43 walifariki.

Aidha, Kiswahili hutumia kuzima kwa injini na kwa moto vilevile. Amri fupi "Zima!" haisemi kizimwe nini. Ndiyo maana utaratibu wa marubani haukubali haraka. Kwanza ndege huongozwa, magurudumu hukunjwa, nao hupanda hadi kimo cha usalama. Kisha mmoja hutaja injini yenye hitilafu na mwenzake huithibitisha. Hapo ndipo nguvu huondolewa, mafuta hukatwa na mtungi wa kuzimia moto hufunguliwa. Mtendwa hutajwa kikamilifu kabla ya mkono kutenda.

Hitimisho

Imebainika kwamba uamuzi wa rubani hufanywa kabla ya safari. Njiani hutekelezwa tu. Imebainika pia kwamba lugha isiyotenganisha kuzimika na kuzima, au isiyotaja mtendwa, inaweza kugharimu maisha. Wanafunzi wa Kiswahili wanaokusudia kuunda istilahi za urubani wanapaswa kuanzia hapo: istilahi ipimwe kwa ufupi wake na kwa uwezo wake wa kuzuia utata pia.

Maswali ya tafakuri

1. Pendekeza amri mbili za Kiswahili zitakazotenganisha kuzima injini na kuzima moto. Thibitisha kwamba hazina utata.
2. Je, kasi ya uamuzi ni istilahi toshelevu? Jadili.