Mdogo Wangu, Usilifunike Shamba kwa Paneli Kabla Hatujaongea

Mdogo wangu, vuta kigoda ukae, maana hili la sola limekuwa gumzo la kila kijiwe, kuanzia Mabwepande mpaka Chamazi. Kuna mtu kakufuata na karatasi, anataka ekari zako mbili za urithi afunge paneli, akulipe kodi kwa miaka 25. Nawe moyo umeshakwenda mbio: ada za watoto, bati za nyumba, pikipiki. Sikulaumu hata kidogo. Mtu anayemwagilia mchicha na matembele kwa ndoo alfajiri na jioni, akiambiwa jua litamlipa akiwa amelala, nani asingetamani?

Ila tamaa mbele, mauti nyuma. Hebu tupige hesabu pamoja. Kule Garissa, Kenya, mtambo wa sola uliozinduliwa mwaka 2019 una megawati 50 na umekaa kwenye hekta 85. Yaani megawati moja imekula zaidi ya ekari nne. Hapa kwetu TANESCO wamepeleka mradi wao mkubwa wa sola Kishapu, Shinyanga, uliopangwa kufika megawati 150, awamu ya kwanza 50. Hawakuja kuhangaika na vipande vya ekari mbili mbili Bunju. Sasa huyo wako anayesema anataka kuiuzia umeme gridi ya taifa kutoka kwenye shamba lisilotosha hata megawati moja, muulize kwa upole: usajili wako kwa wadhibiti wa nishati, EWURA, uko wapi? Mkataba wako na TANESCO uko wapi? Akianza kung'aka, umeshapata jibu. Inawezekana anachotaka ni ardhi tu, maana viwanja pembezoni mwa Dar kila mtu anavimezea mate.

Na hiyo miaka 25 usiitamke kama unataja wiki. Mtoto uliyembeba mgongoni leo atakuwa na mtoto wake wa kumbeba kabla shamba halijarudi. Likirudi, nani atang'oa nguzo na zege? Miembe na minazi itakayokatwa, nani analipa? Akiacha kulipa kodi mwaka wa tatu, utamdai wapi? Mambo hayo yasipoandikwa, ndugu zako watakuja kukusuta msibani mbele za watu, na mchuma janga hula na wa kwao. Shamba la marehemu baba si lako peke yako hata kama wewe ndiye unayelilima. Nawe una mwenza, usifanye mambo kimyakimya. Ukiuza ardhi au ukiiweka rehani, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mnunuzi au benki kuuliza kama mwenza wako ameridhia. Ukikodisha tu, mwambie vilevile, kwa ajili ya amani ya nyumba. Tena muhuri wa serikali ya mtaa usikulevye. Huo peke yake haukulindi.

Sikwambii uikimbie sola, la hasha. Pale Vianzi, Morogoro, kwenye kituo cha mafunzo cha Sustainable Agriculture Tanzania, paneli zimefungwa juu ya bustani, zimeinuliwa mtu apite chini yake na jembe, na mazao yanaendelea kuota. Watafiti waliofuatilia bustani za namna hiyo Tanzania na Kenya waliona baadhi ya mazao, maharage yakiwemo, yakistawi vizuri kwenye kivuli hicho cha nusu, na maji yakitumika kidogo. Wewe mwenyewe unaujua mchicha wa saa saba mchana ulivyo, majani yamelala chali na udongo umekauka hata kama umemwagilia asubuhi ile ile. Kivuli kidogo ni neema kwake. Si kila zao litakubali, na fremu ndefu zina gharama kubwa kuliko za kawaida, kwa hiyo usikope kwa upofu.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na kidogo: paneli chache za kuendesha pampu ya kisima, maji yapande kwenye simtanki mchana jua likiwa kali, ndoo uziage. Na kama shida yako ni umeme wa nyumbani, bati lako lipo juu, halioti mchicha. Mbona hulioni?

Najua jamaa anakuharakisha, anasema nafasi itakwenda kwa jirani. Iache iende. Karatasi hiyo usiisaini wiki hii. Waite ndugu zako na mwenza wako, isomeni neno kwa neno, na kama imeandikwa Kiingereza msichokielewa, mwambieni ailete kwa Kiswahili. Kisha ipelekeni kwa wakili. Kama hela ya wakili hamna, nendeni kwenye vituo vya msaada wa kisheria, TAWLA wakiwemo, wakawasikilize.