Somo la Mwezi Huu: Taka za Nyumbani Zisichanganywe



Mwalimu huanza somo kwa kitu kinachoonekana. Basi, kabla hamjasoma zaidi, nendeni mkafunue ndoo ya taka jikoni. Mtaona maganda ya ndizi na viazi, ugali uliolala, chupa ya maji, karatasi, kopo la nyanya, pengine na betri ya tochi. Kila kimoja peke yake kina kazi yake. Vikikaa pamoja siku mbili, vyote huwa uchafu mmoja: karatasi imeloa, chupa imepakaa mchuzi, na maganda yamechanganyika na vigae vya kioo. Mafundisho yetu ya leo ni hayo: kitu kinakuwa taka pale kinapochanganywa.

1. Taka zetu huenda wapi?

Sisi wa Dar es Salaam tukishalipia gari la taka huona kazi imekwisha. Lakini gari lile huenda mahali, na mahali pale pana wenyeji. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliokuwa wakisumbuliwa na moshi na harufu ya jalala walisikilizwa na Mahakama Kuu, nayo ikawapa haki dhidi ya Halmashauri ya Jiji. Mwaka 1991 watu wa Kunduchi Mtongani nao wakaenda mahakamani kwa sababu hiyo hiyo, wakashinda. Baadaye zikafuata Vingunguti, Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Mnaona mwendo wake: jalala lilihama, taka hazikupungua. Kero ya mtaa mmoja ilikabidhiwa mtaa mwingine.

Mambo haya si ya harufu tu. Tarehe 10 Agosti 2024, huko Kampala, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka ukafukia nyumba za jirani, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu hutoka jikoni. Zikifukiwa chini ya taka nyingine huoza bila hewa. Hapo hutoa gesi ya methani, ambayo hushika moto, na maji machafu yanayopenya ardhini. Basi atakayezuia taka za jikoni zisifike jalalani atakuwa amepunguza zaidi ya nusu ya mzigo.

2. Vyombo vinne

Hatuhitaji mitambo. Tunahitaji vyombo vinne, na kila mtu nyumbani ajue kazi ya kila kimoja.

(a) Ndoo yenye mfuniko, ya maganda, majani ya mboga, majani ya chai na mabaki ya chakula.

(b) Kiroba cha vitu vikavu vinavyouzika: chupa za plastiki, makopo, maboksi, chuma chakavu. Chupa na makopo yasuuzwe kidogo kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Kopo la alumini likiyeyushwa upya hutumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye mawe yake. Ndiyo maana wanunuzi hulitafuta.

(c) Kopo gumu la vitu vya hatari: betri, nyembe, sindano, vioo vilivyovunjika. Lifungwe, liandikwe "HATARI", na watoto wasilifikie.

(d) Debe dogo la vinavyobaki, kama nepi na mifuko iliyochakaa. Hili ndilo la gari la taka. Mkitenga vizuri mtashangaa jinsi linavyochelewa kujaa.

3. Kutengeneza mboji mjini

Wengi husema, "Mimi sina shamba." Ndoo kuukuu ya lita 20 yatosha. Itobolewe matundu chini na ubavuni, iwekwe kivulini juu ya matofali. Anza na majani makavu au maranda ya seremala. Kila utiapo kipimo kimoja cha taka za jikoni, funika kwa vipimo viwili vya vitu vikavu. Geuza kwa kijiti mara moja kwa wiki ili hewa iingie.

Jinsi ya kupima unyevu: kamata konzi moja ukamue. Yakitoka matone mawili matatu, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza maranda. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji. Ikinuka, jua imekosa hewa, igeuze. Nyama, samaki na mafuta visitiwe, maana huita panya na nzi. Baada ya miezi mitatu hivi utapata udongo mweusi unaonukia kama ardhi baada ya mvua. Mchicha na matembele vitakushukuru.

4. Makubaliano ya nyumba na mtaa

Katika nyumba za wapangaji, mtu mmoja hawezi peke yake. Yafaa wenye vyumba wakae, wagawane zamu za kugeuza mboji, na wakubaliane mapema fedha za chupa zitafanya kazi gani: kununua sabuni ya choo au kulipia gari la taka.

Tena tumkumbuke yule kijana apitaye na kiroba begani akiokota chupa. Anauza kwa kilo, na kabla ya kuuza huingiza mikono katika ndoo zetu. Wembe tuliotupa ovyo ndio unaomkata. Tukimpa kiroba kikavu mlangoni, tumempunguzia kazi na jeraha. Apewe salamu na jina lake lijulikane, maana anaitumikia mitaa yetu.

Msiseme jambo hili haliwezekani kwa watu wetu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, tulirudi kwenye vikapu, na soko halikufungwa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika ndoo yenu ya leo, ni vitu gani vingeuzika kama visingeloa?
2. Nani nyumbani atasimamia kila chombo? Watoto wapewe kipi?
3. Jalala lingehamishiwa mtaani kwenu kesho, mngewaambia nini wanaolijaza?

Kazi ya mwezi: hesabuni debe la (d) mmelijaza mara ngapi kwa wiki ya kwanza, kisha wiki ya nne. Andikeni namba hizo mbili ukutani jikoni.