Juu ya Kupanda Dau katika Mchezo wa Poka

Mwezi huu twataka kueleza jambo la fedha na hesabu ambalo wengi wamelisikia na wachache wamelielewa. Mchezo wa karata uitwao poka huchezwa siku hizi kwa kompyuta na kwa simu, nao wachezao hawaonani uso kwa uso. Mgao wa kwanza wa fedha kwa njia ya intaneti ulifanywa tarehe 1 Januari 1998. Swali liwasumbualo sana wachezaji ni hili: mtu aliyezoea meza ndogo, yafaa ahamie meza kubwa lini?

Kwanza tujue tofauti ya meza. Katika kila mgao watu wawili hulazimika kuweka fedha kabla ya kuziona karata zao, mmoja dau dogo, mwingine dau kubwa, na kwa madau hayo meza hujulikana. Meza ya chini kabisa ni ya senti 1 na senti 2 za Kimarekani. Kwa desturi mtu huketi na fedha mara 100 ya dau kubwa, yaani dola 2 katika meza hiyo. Juu yake iko meza ya dola 5, kisha 10, 25, 50 na 100, na kuendelea hata maelfu. Tazama basi: kila hatua ni mara mbili ya ile ya chini yake, au zaidi. Hakuna mwenye duka awezaye kukuza biashara yake mara mbili kwa kugusa kitufe kimoja; mchezaji aweza, na wengi hufanya hivyo usiku, baada ya kushindwa, ili warudishe upesi kilichopotea.

Tena wako waliotiwa moyo na habari za mwaka 2003. Mwaka huo Chris Moneymaker, mtunza hesabu wa Tennessee, alilipa dola 86 katika mashindano madogo ya intaneti, akapata nafasi katika mashindano makuu ya Las Vegas ambayo kiingilio chake ni dola 10,000. Walikuwako washindani 839, naye akawashinda, akapewa dola milioni 2 na nusu. Habari hiyo ni ya kweli. Walakini wale 838 hawakutajwa sana.

Sasa tufike kwenye hesabu, nayo twamwomba msomaji aifuate polepole. Tumkadirie mchezaji hodari, ambaye kwa wastani hupata madau makubwa 5 katika kila migao 100. Huo ni ustadi mwema. Walakini karata hupanda na kushuka, na katika migao 100 matokeo yake hutawanyika kwa kadiri ya madau 90 juu au chini ya wastani. Akicheza migao 10,000, faida itazamiwayo ni madau 500. Lakini mtawanyiko nao umekuwa 900, kwa maana hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Basi mtu huyu, ijapokuwa ni bora kuliko wenzake, yamkini atakuwa na hasara karibu mara 3 katika 10. Akifikisha migao 100,000, hatari hiyo hushuka, ikawa kama mara 4 katika 100. Kwenye meza ya kawaida hugawiwa mara 25 au 30 kwa saa, hata migao laki moja ni kazi ya miaka. Kwa intaneti, mtu afunguaye meza nne pamoja huimaliza kwa miezi michache.

Kwa hiyo ajionaye tayari kwa sababu ameshinda juma moja hajajua bado kama ni ustadi au ni bahati. Wenye busara hungoja mpaka mtaji wao utoshe kuketi mezani mara 20 au 30, hata 40, katika meza mpya. Kwa meza ya dola 100 ni dola 2,000 hadi 4,000. Fedha hizo zisiwe za chakula wala za karo.

Kielelezo kizuri ni Chris Ferguson, bingwa wa mwaka 2000. Mwaka 2006 alianza bila senti hata moja, akicheza mashindano yasiyo na kiingilio, akakusudia kufikisha dola 10,000. Alijiwekea sheria: asiketi na zaidi ya sehemu 5 katika 100 za mtaji wake, isipokuwa katika meza ndogo sana; na fedha zake mezani zikipita sehemu 10 katika 100, aondoke. Mtaji ukipungua, alishuka. Ilimchukua zaidi ya mwaka mmoja, naye alifika.

Wengine hubisha kwamba heri kupanda upesi, kwa kuwa mwenye nyumba hukata ushuru katika kila fungu, na ushuru huo huwalemea zaidi walio chini. Ni kweli, lakini juu hukaa watu waliojifunza kwa programu za kukokotoa, nao huona kosa dogo mara moja.

Wahenga husema mpanda ngazi hushuka. Viktor Blom, Mswidi aliyejificha chini ya jina Isildur1, alipigana mwaka 2009 na wakubwa wote wa meza za juu. Mwezi wa Desemba alipoteza kama dola milioni 4 kwa siku moja, mbele ya Brian Hastings. Ustadi wake haukukanwa na mtu; mtaji ndio uliokosa kipimo.

Iko hatari nyingine isiyo ya karata. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizishitaki kampuni kubwa za mchezo huu. Ikaonekana kwamba Full Tilt, ambako Blom na Ferguson walicheza, haikuwa na fedha za kutosha kuwarudishia wateja akiba zao. Hata waliofuata kila kipimo walifungiwa mtaji wao. Mwaka 2012 PokerStars iliinunua kampuni hiyo kwa mapatano na serikali, na Wamarekani wakaanza kulipwa mwaka 2014.